include kila mahali au pakeji? Mteja wa 7 anajirudia bila kuisha, nisaidieni wakuu

#1 kibuyu_cha_data

Habari wakuu. Kazini nimerithi mfumo wa tovuti ulioandikwa kwa PHP, una mafaili kama 60 hivi na yote yanaitana kwa amri ya include, pakeji (kodi iliyofungwa tayari kutumika) hakuna hata moja. Mkubwa wangu anasema mzizi wa matatizo yote ni hizo include, nihamie Composer (chombo cha kuleta na kupanga pakeji za PHP) na namespace (kuyapa majina ya kodi ukoo wake) na kila kitu kitatulia. Mimi msimamo wangu ni kwamba include na import ya lugha kama Python ni kitu kilekile, kote unaita kodi iliyoko faili lingine ije ifanye kazi hapa ulipo, tofauti ni jina tu.

Kilichonileta ni hiki. Kuna ukurasa unaoorodhesha wateja 20, ulikuwa unafanya kazi safi kabisa. Juzi nikaongeza nyota 5 za ubora kwenye kila mstari, basi ukurasa ukaanza kutapika. Mteja wa kwanza anatokea sawa, halafu anafuata wa 7, halafu wa 7 tena, wa 7, wa 7, mpaka PHP inajikata yenyewe ikisema sekunde 30 zimepita. Kodi ni hii tu:

    for ($i = 0; $i < 20; $i++) {
        include 'mstari.php';
    }

Kwa nini 7? Na je, include ina kosa gani ambalo import haina? Natanguliza shukrani.

#2 mzee_wa_jedwali

Hiyo ni JOIN yako kaka. Umeunganisha jedwali la nyota na jedwali la wateja bila kuweka sharti vizuri, mteja mmoja anazaa mistari mingi. Kaangalie hifadhidata kwanza, PHP haina shida hapo.

#3 kibuyu_cha_data

Hapana mzee, arei (orodha ya wateja) nimeichapa kabla ya lupu (ule mzunguko wa for), ina wateja 20 na hakuna aliyejirudia.

#4 shona_mantiki

Weka hapa mstari.php tuione. Mnaanzaje kutibu mgonjwa ambaye hamjamwona?

#5 kibuyu_cha_data

Hii hapa dada, nimeweka sehemu ya jina na nyota tu, bila tagi ya kufungua:

    echo $wateja[$i]['jina'];
    for ($i = 0; $i < 5; $i++) {
        echo '★';
    }

#6 shona_mantiki

Ndiyo hiyo. Twende nayo polepole. Mzunguko wa kwanza $i ni 0, anachapwa mteja wa kwanza. Lupu ya nyota inaanza, inairudisha $i kwenye 0 na kuipandisha hadi 5, hapo ndipo inaacha. Kwa hiyo ukitoka ndani ya mstari.php $i ni 5. Lupu yako ya nje inaongeza 1, inakuwa 6, na kwa kuwa arei inahesabu kuanzia 0, nafasi ya 6 ni mteja wa 7. Anachapwa, nyota zinaanza upya, $i inatoka tena ikiwa 5, inakuwa 6, mteja wa 7 tena. 20 haitafikiwa hata ungeipa mwaka mzima.

Na una bahati ulichagua nyota 5. Ungechora nyota 25, $i ingetoka ikiwa 25, lupu ya nje ingeona imeshapita 20 ikafunga, ukurasa ungeonyesha mteja mmoja tu bila kulalamika. Hapo ndipo ungetafuta wiki nzima.

#7 kibuyu_cha_data

Aisee! Kwa hiyo $i ya ndani na $i ya nje ni moja? Nilidhani kila faili lina variabo zake.

#8 nyundo_ya_usiku

Ndiyo maana ya include mkuu. PHP inayachukua maandishi ya mstari.php na kuyabandika pale ulipoandika include, kukopi na kupesti, basi. Ukielewa hilo umemaliza somo lote.

#9 chungu_kimoja

@nyundo_ya_usiku hapo naomba nikurekebishe, maana huo mfano wa kukopi umepoteza watu wengi. Lugha ya C ndiyo inabandika maandishi kweli kweli, kabla hata kompaila (kitafsiri cha kodi) haijaanza kazi. PHP haifanyi hivyo. Inafika kwenye include programu ikiwa tayari inakimbia, inalisoma faili lile kama faili linalojitegemea, inalitafsiri peke yake, kisha inaliendesha kwa kutumia variabo za pale lilipoitwa.

Ushahidi ni mwepesi. Fungua mabano ya if kwenye juu.php, yafunge kwenye chini.php, kisha ziite zote mbili zikifuatana. Kama ingekuwa kubandika ingekubali. Utapata kosa la sintaksia. Na ndiyo sababu kila faili lazima lianze na tagi yake ya <?php, bila hiyo kodi yako inamwagika kwenye ukurasa kama maandishi ya kawaida.

#10 nyundo_ya_usiku

Nimekubali kuhusu mabano. Ila kwa variabo matokeo ni yaleyale, si ndiyo?

#11 chungu_kimoja

Kwa variabo ndiyo. Kwa fanksheni na klasi hapana. Ukiita include ndani ya fanksheni, variabo za faili lile zinabaki humo ndani, lakini fanksheni zilizoandikwa kwenye faili lile zinatoka nje na kuonekana kote. Ndiyo maana ukiliita mara mbili unakula "Cannot redeclare".

#12 jogoo_la_terminali

Tumieni include_once jamani, iliwekwa kwa ajili ya mambo haya haya. Badilisha neno moja tu umemaliza.

#13 kibuyu_cha_data

@jogoo nimejaribu sasa hivi. Lupu haijirudii tena ila mteja ni mmoja tu, wa kwanza, wengine 19 hawapo 😅

#14 shona_mantiki

Lazima. include_once inakumbuka faili hili lishaitwa, mara ya pili inapita tu. Hiyo ni ya mafaili yanayotangaza fanksheni na klasi. Templeti (faili la kuchora sehemu ya ukurasa, kama mstari.php) inayochorwa mara 20 unaitaka mara 20. @jogoo umewika kabla hakujakucha.

Dawa ya hapa ni hii:

    function chora_mstari($mteja) {
        include __DIR__ . '/mstari.php';
    }

__DIR__ ni folda ya faili lenyewe. Kisha tumia foreach, na ndani ya mstari.php andika $mteja['jina']. Variabo zote za templeti zitafia ndani ya fanksheni, $i ya nyota haitaigusa lupu yako.

#15 ukoo_wa_faili

Sasa mnaona? Mkubwa wake hajakosea. Import isingekuwa na mdudu huyu hata kidogo. Kwenye Python kila moduli ina majina yake, ukiandika import nyota unapata kitu kimoja kinaitwa nyota na vyote viko ndani yake. i ya kule haiwezi kuja kuigusa i yako. Ni kama ukoo, Juma wa ukoo huu na Juma wa ukoo ule hawachanganywi.

Na lingine, moduli inaendeshwa mara moja tu. Python inaiweka kwenye sys.modules, ukiiimport mara mia inakurudishia ileile. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kwa maoni yangu, kuliko hata hilo la majina.

#16 nyundo_ya_usiku

Na from nyota import * je? Hiyo si include kabisa? Majina yote yanamwagika kwako.

#17 ukoo_wa_faili

Yanamwagika, ila hiyo bado si include. Kwanza yanayoanza na _ hayaji, labda yatajwe kwenye __all__. Pili, fanksheni iliyokuja inaendelea kusoma variabo za nyumbani kwake, haisomi za kwako. Ulichopata ni jina jipya la kitu kilekile.

Hili liliniuma mwenyewe. Nilikuwa na mipangilio.py, ndani yake KIWANGO = 10. Faili moja likaandika from mipangilio import KIWANGO, faili lingine likabadilisha mipangilio.KIWANGO kuwa 50 wakati programu inakimbia. La kwanza likabaki na 10. Siku mbili natafuta, nachapa KIWANGO huku naona 10, nachapa kule naona 50, nikaanza kuhisi kuna Python mbili kwenye mashine. Kumbe jina langu lilikuwa bado limeshika namba ya zamani. Nilipoandika import mipangilio na kusoma mipangilio.KIWANGO kila ninapoihitaji, ikatulia.

#18 pikseli_mchana

Kwenye JavaScript hilo lisingekutokea. Moduli za ES, zile zilizoingia na kiwango cha 2015, jina ulilolileta linafuata thamani ya kule kule ilikotoka. Wakibadilisha huko na wewe unaona. Kwa hiyo tuseme "import ya Python", tusiseme "import" kama vile ni kitu kimoja duniani kote.

#19 perl_bado_hai

Wajukuu mnabishana jambo ambalo Perl ilishaliweka wazi tangu Perl 5, mwaka 1994. Kuna maneno matatu. do 'faili.pl' inaliendesha faili kila unapoliita. require inaliendesha mara moja na kuandika kwenye %INC kwamba lishaingia. use ni require iliyofanyika mapema, wakati kodi inatafsiriwa, halafu inaita import ya moduli hiyo ili majina yaje kwako. Ngazi tatu, kila moja na kazi yake. Huyu kijana alihitaji ya kwanza, mkubwa wake anamwambia habari za ya tatu.

#20 jogoo_la_terminali

Mzee na ile 1; mnayoweka mwisho wa kila faili nayo mlishaieleza? 😂

#21 perl_bado_hai

Nakujibu vizuri kabisa. require inataka faili lirudishe jibu la kweli kuthibitisha kwamba limejiandaa salama, ndiyo maana tunaweka 1; mwishoni. Kuanzia Perl 5.38 unaweza kuomba usiiandike tena. Na usiicheke, hata PHP faili lako linaweza kurudisha kitu. Weka return ['lugha' => 'sw']; kwenye mipangilio.php kisha andika $m = include 'mipangilio.php', uone. Hakuna variabo iliyovuja. Ndiyo include safi kuliko zote na watu hawaitumii.

#22 kibuyu_cha_data

Hiyo sikuijua kabisa mzee, asante. Nina mafaili matatu ya mipangilio, yote yanamwaga variabo ovyo.

#23 tai_wa_seva

Mimi nawaangalia tu mnahangaika na majina. Kilichowahi kunitesa kwenye include ni njia, majina hayakunisumbua hata siku moja. Ukiandika include 'mstari.php' bila kitu mbele, PHP inaanza na folda za include_path, zikishindikana inaangalia folda ya skripti inayoita na folda unayofanyia kazi wakati huo. Hiyo ya mwisho inabadilika. Ukurasa unafunguka vizuri kwenye kivinjari, ukiiweka skripti hiyohiyo kwenye cron (kipanga kazi za seva kwa saa) inaanzia folda nyingine na faili halionekani. Na kama umetumia include badala ya require, inatoa onyo na kuendelea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilishakuta skripti ya usiku imeendelea miezi bila faili lake la kukagua ruhusa. Lilikuwa halipatikani, onyo linaandikwa kwenye logi ambayo hakuna mtu anaisoma. Tangu siku hiyo kitu cha lazima naweka require, na __DIR__ mbele, kila mahali.

#24 jogoo_la_terminali

Na require ni ya haraka kuliko include pia.

#25 chungu_kimoja

@jogoo siyo. Kasi ni ileile, tofauti ni faili likikosekana tu, moja inaonya na nyingine inasimamisha skripti papo hapo. Tangu PHP 5.5 OPcache inakuja pamoja na PHP yenyewe, ukiiwasha faili linalotafsiriwa mara moja linahifadhiwa kwenye kumbukumbu. Hoja ya kasi iondoke kwenye mjadala huu.

#26 ukoo_wa_faili

@tai_wa_seva hilo la njia import inalitatua. Unaandika jina, mfumo wenyewe unajua pa kutafuta.

#27 tai_wa_seva

Unaandika jina, mfumo unatafuta *mahali palipoorodheshwa*, na orodha ina mpangilio. Python folda ya skripti ndiyo ya kwanza kwenye sys.path. Mwambie mwanafunzi atunge mchezo wa kubahatisha namba halafu alipe faili lake jina random.py. Akiandika import random anajiletea faili lake mwenyewe, anaambiwa random haina randint, anaanza kulia kwamba Python imeharibika. Hiyo ni shida ya njia, imevaa nguo nyingine tu.

Perl nao walikuwa wanatafuta hadi kwenye folda uliyosimama, wakaiondoa nukta (alama ya folda hiyo) kwenye @INC, orodha yao ya pa kutafuta, toleo la 5.26, mwaka 2017, kwa sababu za usalama. Mzee wetu hapo juu hakulitaja.

#28 perl_bado_hai

Ni kweli, na walifanya vyema. Skripti zangu kadhaa zilikatika siku hiyo, nikazirekebisha.

#29 mlinzi_wa_lango

Mmegusa usalama, naomba nisimame hapo kidogo maana naona hakuna anayeuweka mezani. Tatizo la include ni kwamba inapokea maneno yoyote. Nilishaitwa kusafisha tovuti iliyoandikwa hivi:

    include $_GET['ukurasa'] . '.php';

Aliyeandika aliona ni ujanja, ukurasa mmoja unabeba kurasa zote. Mtu akaingia, akaanza kuandika ../ ../ kwenye anwani anatembea folda hadi folda, na kulikuwa na sehemu ya kupakia picha isiyokagua chochote, akapakia faili lake la PHP na kuliita kupitia hapohapo. Kuita faili kutoka mtandaoni moja kwa moja PHP ilishaizima tangu 5.2, allow_url_include iko Off labda uiwashe mwenyewe, lakini mafaili yaliyomo ndani ya seva hayazuiwi na hilo.

Kaka kibuyu, kabla ya Composer na kabla ya kitu chochote, tafuta kwenye hayo mafaili 60 kila include yenye alama ya $ ndani yake. Kila moja uijibie, hiyo thamani inatoka wapi? Kama inatoka kwa mtumiaji, weka arei ya kurasa zinazoruhusiwa, isiyomo haipiti.

#30 kibuyu_cha_data

Nimetafuta. Ziko 4. Tatu zinatoka kwenye mipangilio, moja inatoka kwenye anwani. Naishughulikia leo hii kabla sijalala, asante sana mkuu.

#31 shona_mantiki

Narudi kwenye swali la Composer. Watu wengi wanadhani use App\Mteja; ndiyo import, kwamba inaleta faili. Haileti chochote. Inasema tu "nikisema Mteja namaanisha App\Mteja". Jaribu kuandika use ya klasi ambayo haipo, PHP haitasema neno mpaka siku utakapoitumia. Anayeleta faili ni otoloda (kodi inayoita faili la klasi pale klasi inapohitajika), na ukifungua otoloda ya Composer, ndani kabisa utakuta nini?

#32 nyundo_ya_usiku

Usiniambie ni include.

#33 shona_mantiki

include $file, mstari mmoja, umefungwa ndani ya fanksheni yake ili variabo zisivuje. Yaani dawa niliyompa kibuyu kwenye #14 ndiyo hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye PHP hivi vitu havishindani, kimoja kimekaa juu ya kingine.

#34 ukoo_wa_faili

Hapo umenifunga mdomo kwa PHP. Kwa Python bado nabaki na langu.

#35 pikseli_mchana

Nyongeza kwa atakayehamia: otoloda inaleta klasi, fanksheni za kawaida haizijui. Zile fanksheni 200 ulizorithi itabidi uziorodheshe kwenye "files" za composer.json na zitaletwa kila ombi, zitumike zisitumike. Halafu angalia herufi. Klasi Mteja faili liwe Mteja.php. Mimi niliandika mteja.php, laptopu ya Windows ikakubali, seva ya Linux ikasema klasi haipo. Nilifuta kache na kusakinisha upya mara tatu kabla ya kuiona hiyo M ndogo.

#36 tai_wa_seva

Na pakeji za watu nazo zina mzigo wake. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa left-pad kwenye npm (hazina ya pakeji za JavaScript), maktaba ya mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mbele ya neno, miradi mingi ikashindwa kujengwa siku hiyo, hata Babel, chombo maarufu cha JavaScript. Faili ulilolikopi na kuliita kwa include haliondoki.

#37 mlinzi_wa_lango

Haliondoki, na halipati marekebisho ya usalama pia. Linabaki hapo na tundu lake.

#38 jogoo_la_terminali

Mimi niko bash (ganda la amri la terminali), huku tuna source tu ya kuita faili lingine na tunaishi. Ila nilijifunza kwa uchungu, niliweka exit mwisho wa skripti, nikaisource badala ya kuiendesha, terminali ikajifunga na kazi yangu yote. source inaendesha ndani ya ganda lako mwenyewe, exit inakufunga wewe.

#39 chungu_kimoja

@jogoo leo umesema kweli tupu 👏 Ndani ya faili la kusource tumia return.

#40 kibuyu_cha_data

Mrejesho wakuu. Nimeweka chora_mstari() kama alivyosema dada shona. Wateja 20 wote wako sawa, nyota zao 5 kila mmoja. Lakini sasa kila mstari unanipa "Undefined variable $sarafu", na "Undefined variable $lugha", na "Undefined variable $mtumiaji". Templeti ilikuwa inazichukua kutoka nje kimyakimya na mimi sikujua. Nikapitia templeti nyingine, ziko hivyohivyo, moja inategemea variabo 11 ambazo hazijatajwa popote.

#41 nyundo_ya_usiku

Zipitishe zote kwenye arei moja kisha ndani ya fanksheni fanya extract($data), inageuza kila kilichomo kwenye arei kuwa variabo. Mstari mmoja.

#42 shona_mantiki

@nyundo ukifanya hivyo ugonjwa umerudi kwa mlango wa nyuma, hakuna atakayejua templeti inahitaji nini mpaka ivunjike. Mimi ningetaja kila moja kwenye fanksheni, hata zikiwa 11.

#43 nyundo_ya_usiku

11 kwenye mabano ya fanksheni? Fremuweki kubwa zinatumia extract kuchora templeti na hazijafa. Ilimradi arei umeitengeneza wewe na haitoki kwa mtumiaji, hakuna kinachovuja.

#44 perl_bado_hai

Kabla hamjagombana, hiyo yenye 11, kibuyu iweke hapa tuione. Templeti inayohitaji vitu 11 huenda ni templeti tatu.

#45 kibuyu_cha_data

Naiweka kesho asubuhi mzee, ina mistari 640.